Kanyagio la cherehani: shajara ya kuipiga Largo ya Dvořák kwa ala za kompyuta, Tanga

14 Septemba

Nimeanza kuandika leo kwa sababu kazi imefika mahali ambapo nikilala, asubuhi sikumbuki usiku nilijaribu nini. Mradi ni mmoja tu: kuipiga sehemu ya pili ya simfoni ya tisa ya Antonín Dvořák, ile iitwayo Largo, mwanzo hadi mwisho, kwa ala za sampuli, hapa hapa chumbani kwangu Chumbageni. Nina laptopu yenye RAM ya GB 8, kibodi ya oktava nne, hedifoni, programu ya kurekodi muziki iitwayo Reaper, na maktaba ya sauti za okestra niliyoipata bure. Kila noti iliyomo humo ilipigwa na mtu kweli, ikarekodiwa peke yake na kuhifadhiwa. Kazi yangu ni kuziunganisha mpaka msikilizaji asahau kwamba waliozipiga hawakuwahi kukaa pamoja wakaupiga wimbo huu.

Kwa nini Largo? Nilipokuwa mtoto, mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akiipiga kwa kinanda cha kukanyaga jeneza linapotolewa kanisani. Tuliijua kwa sol-fa kabla ya kujua kwamba ina mwenyewe: mi so so, mi re do, re mi so mi re. Dvořák aliiandika New York mwaka 1893, na mwaka 1922 mwanafunzi wake wa zamani, William Arms Fisher, akautilia ule wimbo maneno, ndiyo maana leo makanisa mengi yanaufahamu. Mimi hayo nilikuja kuyasoma ukubwani. Nilichokuwa nacho ni mguu wa mwalimu. Kinanda kile hakikujali kidole: ubonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti ni ile ile. Nguvu yote ilitoka chini, kwenye mivukuto. Nilikuwa nakaa benchi la mbele, nikiona kiatu chake kikishuka kabla sauti haijavimba.

Mwalimu alishatangulia. Kinanda nacho kilikufa, panya walikula ngozi ya mivukuto.

Noti zote nimeziingiza kwa usiku tano, kutoka kwenye nakala ya mwaka 1894 iliyochapishwa na Simrock, ambayo sasa ni mali ya kila mtu. Usiku mmoja mzima uliteketea kwa kosa la kutosoma vizuri. Wimbo mkuu unapigwa na koranglei, ndugu mnene wa obo, na ala hiyo huandikiwa noti tano juu ya sauti inayotoka. Mimi niliingiza kama zilivyoandikwa, kwa hiyo fidla zilikuwa kwenye D-flati na koranglei iko kwenye A-flati, nami nikatafuta kasoro kila mahali isipokuwa hapo.

Sasa noti zote zipo mahali pake, na wimbo umekufa. Unasikika kama mlio wa simu.

21 Septemba

Nimegundua kwa nini ile so ya kwanza haisikiki.

Mwendo ulioandikwa ni mapigo 52 kwa dakika. Pigo moja basi ni sekunde 1.15, na robo ya pigo ni milisekunde 288. Katika mi so so, ile so ya kwanza ni fupi, ina robo ya pigo tu. Nimeikuza picha ya sauti kwenye skrini na kupima: sampuli ya koranglei inachukua kama milisekunde 180 kufunguka tangu ninapobonyeza. So hii imepewa 288 za kuishi, 180 imezimaliza mlangoni. Ikifika sebuleni imebakiwa na 108, na noti inayofuata imeshamkanyaga kisigino. Sikio linasikia "mi… so", basi.

Dawa si kuongeza sauti. Dawa ni kuiamsha mapema. Nimeisogeza nyuma milisekunde 120 na ikatokeza. Lakini ukianza hivyo huwezi kuacha, kwa sababu kila ala ina uvivu wake. Shaba, yaani tarumbeta na jamaa zake, zinaamka haraka. Fidla zikiwa nyingi na zinapiga noti ndefu zinachelewa zaidi, na besi kubwa ndiyo ya mwisho kabisa. Nimepima zote, nikaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza: kila ala na idadi ya milisekunde inazohitaji kuwahi. Kompyuta inadhani wote wanaanza pamoja kwa sababu noti zimepangwa kwenye mstari mmoja. Ukitaka wasikike pamoja, lazima uwapange ovyo.

Tatizo kubwa zaidi ni pale noti moja inapoiachia nyingine. Mpigaji wa kweli hatoi so halafu akatoa mi. Pumzi ni ile ile moja, inapita. Mtu aliyeliona jambo hili mapema ni Herb Tucmandl, mpiga chelo wa Vienna, aliyeanzisha Vienna Symphonic Library mwaka 2000. Yeye na wenzake walirekodi noti, wakarekodi na njia ya kutoka noti moja hadi nyingine, kila umbali kivyake. Maktaba yangu ya bure haina njia hizo. Ninazitengeneza kwa mkono: noti ya kwanza inaendelea kidogo juu ya ya pili, ya pili nimeikata kichwa ili ule mpulizo wa kuanzia usisikike, na katikati sauti inashuka kidogo sana. Noti moja inakula dakika tano. Wimbo wa koranglei peke yake umenimalizia siku tatu, na wala sijauridhia.

28 Septemba

Leo ni matabaka. Sampuli nyingi hurekodiwa kwa nguvu tofauti, kwa upole na kwa nguvu, na gurudumu la kibodi huzichanganya: ukilisukuma juu, tabaka la upole linafifia na la nguvu linaingia. Kwa fidla nyingi inafaa sana, kwa sababu kundi ni kundi. Kwa koranglei moja ni msiba. Katikati ya gurudumu unasikia koranglei mbili kwa wakati mmoja, zimepishana kidogo, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya debe.

Kwa hiyo koranglei nimeifungia tabaka moja, lile la upole. Kupanda na kushuka kwake kutatoka kwenye kontrola nyingine, namba 11, ambayo inapandisha na kushusha sauti bila kubadilisha tabaka. MIDI, lugha ambayo kibodi na kompyuta huongea, inaipa hatua 128, kuanzia 0 hadi 127. Hazionekani nyingi, lakini zinatosha kama zinakwenda vizuri.

5 Oktoba

Haziendi vizuri. Wiki nzima nimechora mistari ya kupanda na kushuka kwa kipanya. Nimechora vilima, nimechora mawimbi, nimejaribu na kuiga mstari wa sauti kutoka kwenye rekodi ya okestra halisi. Nikikodoa macho kwenye skrini naona kitu kizuri. Nikifumba macho nasikia mtu anayezungusha volyumu ya redio.

Nimejaribu na gurudumu la kibodi. Ni bora kuliko kipanya, ila ni fupi mno, urefu wa kidole gumba. Ukitetemeka kidogo umeruka hatua kumi. Halafu mkono wangu wa kushoto haujawahi kufundishwa kuvuta pumzi.

Jioni nilikuwa nimekaa ukumbini, mama anashona. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo ameacha cherehani ya mota na kurudi kwenye ile ya zamani ya miguu. Nikawa naangalia kanyagio. Nyayo zake mbili, ya kulia mbele kidogo, zinashuka na kupanda. Akifika kwenye kona ya mfuko anapunguza bila kutazama chini. Akitoka kwenye kona anaongeza. Nimeiona miguu hiyo maisha yangu yote, na mwezi uliopita tu nilikuwa naandika humu juu ya kiatu cha mwalimu.

Nilimwambia, "Mama, naomba cherehani hii."

"Unataka kushona?"

"Nataka kanyagio lake. Nilifunge kwenye kompyuta."

Akanyamaza hadi mwisho wa mshono, akakata uzi. "Mpaka shule zifungwe. Desemba naitaka, kuna sare."

12 Oktoba

Fimbo ya chuma inayounganisha kanyagio na gurudumu nimeifungua, sasa kanyagio linacheza lenyewe. Ili lirudi juu nimelifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao hapa Tanga hakuna fundi asiyekuwa nao. Mpira mmoja ulikuwa laini mno. Miwili iliyosokotwa inampa mguu kitu cha kusukuma, karibu na ule uzito wa kinanda.

Sasa namna ya kuipa kompyuta habari za mguu. Nina bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu, Arduino, ya aina yenye chipu ya ATmega32U4. Uzuri wake ni kwamba ukiichomeka kwenye USB, kompyuta inaiona kama kibodi ya muziki moja kwa moja, haihitaji kifaa cha katikati. Inachohitaji ni kitu cha kuzunguka kinachobadilisha umeme kidogo kidogo, na kitu hicho kimo ndani ya kila redio: volyumu.

Nilikwenda Ngamiani kwa fundi redio, akaichomoa kwenye redio mbovu. Nimefika nyumbani, nimeunga, nimeandika programu, nimekanyaga. Nusu ya kwanza ya mwendo sauti haisogei. Nusu ya pili inaruka kama imeungua. Nikadhani programu ina kosa, nikaiandika upya mara mbili.

Kesho yake nilimrudia. Akaigeuza volyumu, akanionesha maandishi mgongoni: A50K. "Kaka, hii ya A ni ya sauti. Imetengenezwa kwa ajili ya sikio, haiendi sawa. Chukua ya B, hii nimeitoa kwenye balansi. Yenyewe inakwenda sawasawa." B10K. Akakataa kuchukua hela ya ya pili. Nimemwahidi nitamletea wimbo ukikamilika.

20 Oktoba

Kanyagio linacheza kidogo tu, labda nyuzi thelathini za duara. Volyumu inazunguka nyuzi kama 270. Nikiifunga moja kwa moja kwenye ekseli ya kanyagio, bodi, ambayo inasoma kuanzia 0 hadi 1023, inaona mia na kitu tu. Haitoshi. Unasikia ngazi.

Nimelala nalo, nikaamka nalo. Suluhisho limetoka kwenye mshipi wa kuvulia samaki. Ncha ya mbele ya kanyagio inashuka sentimita tano. Volyumu nimeivisha kifuniko cha chupa ya maji, chenye upana wa sentimita tatu kasoro, ambacho mzunguko wake ni kama sentimita tisa. Mshipi umefungwa kwenye ncha ya kanyagio, ukazungushwa kwenye kifuniko mara moja na nusu, ukaishia kwenye kipande cha mpira upande wa pili ili usilegee. Mguu ukishuka sentimita tano, kifuniko kinazunguka zaidi ya nusu duara. Sasa bodi inaona zaidi ya mia saba. Kuzigawa kwenye hatua 128 ni hesabu nyepesi.

Kilichobaki ni mtetemo. Hata mguu ukitulia, namba zinacheza, 63, 64, 63, 64. Nimeiambia bodi isome mara nane, ichukue wastani, na isitume kitu kama badiliko halijafika hatua kamili. Imetulia.

Usiku wa manane nimejaribu kipande cha kwanza. Vipimo viwili tu, mi so so hadi re. Nimekanyaga, nikabonyeza, nikasikiliza. Nimesikiliza mara nyingi. Nimetoka nje nikakaa barazani.

2 Novemba

Jambo ambalo kipanya hakikunifundisha: mguu unatangulia. Ukikanyaga baada ya kubonyeza, noti inaanza bubu halafu inajaa, kama mtu aliyestuliwa. Ukikanyaga wakati ule ule, inaanza kwa kishindo. Lazima mguu uwe umeshaanza safari, hewa ipo tayari, ndipo kidole kifike. Hili mwalimu alikuwa akilifanya kila Jumapili na nilikuwa naliona kwa macho.

Jambo la pili ni pumzi ya koranglei. Nilikuwa nimeweka mapengo madogo mwisho wa kila sentensi ya wimbo, nikidhani mpigaji ameishiwa hewa. Kumbe wapigaji wa ukoo wa obo shida yao ni kinyume. Tundu la mwanzi wao ni dogo mno, hewa inapita kidogo sana, kwa hiyo mwisho wa sentensi kifua bado kimejaa, ila hewa yenyewe imechoka. Kwanza wanaitoa, ndipo wanavuta mpya. Ni pumzi ya hatua mbili. Pengo linahitaji urefu zaidi ya nilivyodhani, na noti iliyo kabla yake isimalizike kwa kufifia kama ya mtu aliyekata pumzi. Imalizike kwa kuwekwa chini. Nimebadilisha mapengo yote ya koranglei, mengine yamefika nusu sekunde. Fidla chini yake zinaendelea, kwa hiyo hakuna anayesikia shimo. Anasikia mtu.

9 Novemba

Kila mstari naupiga mwenyewe sasa, mmoja mmoja, mkono wa kulia kwenye kibodi, miguu kwenye kanyagio. Fidla za kwanza, za pili, viola, chelo, besi. Kisha filimbi, klarineti, fagoti, pembe. Zile noti nilizoingiza Septemba nimezifuta zote.

Ni njia ndefu, lakini si mpya. Wendy Carlos alipoipiga Bach kwa sintesaiza ya Moog, albamu iliyotoka 1968, mashine ile ilikuwa inatoa noti moja tu kwa wakati. Kila sauti ilirekodiwa peke yake kwenye tepu, juu ya nyingine, hadi zote zikakamilika. Mimi ninaweza kupiga noti kumi kwa pamoja, ila mguu wangu ni mmoja, na mguu mmoja hauwezi kupumua kwa ajili ya watu watano. Nilipojaribu kurekodi fidla na viola kwa mkupuo mmoja, zilivimba na kunywea pamoja kama mtu mmoja mwenye mikono mingi.

Tatizo la mstari mmoja mmoja ni mwendo. Wa kwanza anamfuata nani? Metronomu, ile mashine ya kugonga mapigo, nimeikataa wiki iliyopita. Nimeimba wimbo wote mwenyewe, kwa sauti, nikigonga kibodi kwenye kila pigo, na kompyuta ikanakili kugonga huko kukawa ndiko kalenda ya mapigo. Kwenye kipimo cha 52 nimeanza na 49 hivi, sehemu ya katikati imekwenda mbele, mwishoni imerudi nyuma sana. Sijasawazisha chochote. Wote sasa wanamfuata huyo aliyeimba.

16 Novemba

Mvua za vuli. Bati linapiga kelele, siwezi kusikia pianissimo, zile sehemu za upole kabisa, hata kwa hedifoni. Umeme umekatika siku mbili. Nimepaka mafuta kanyagio, nimebadilisha mshipi uliokuwa umeanza kukatika kwenye ukingo wa kifuniko. Hakuna kingine.

23 Novemba

Karibu na kwetu anakaa mzee aliyepiga fidla kwenye taarabu ujanani mwake, Unguja na hapa Tanga. Nilikwenda na laptopu na spika ndogo. Shikamoo, marahaba, kahawa, kashata, ndipo nikamwekea zile fidla za sehemu ya katikati.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Wanapiga vizuri. Lakini wote wanavuta, hakuna anayerudisha."

Sikuelewa. Akachukua mwiko uliokuwa karibu, akaushika kama upinde. Kuvuta, kutoka kwenye kitako cha upinde kwenda kwenye ncha, noti inaanza na uzito halafu inapungua yenyewe. Kurudisha, kutoka nchani, inaanza nyepesi na kukua. "Mkono ndio ulivyo. Ukivuta kila noti, unatembea kwa mguu mmoja."

Nimerudi nyumbani nikaangalia. Kweli, sampuli zangu zote ndefu zimerekodiwa kwa kuvuta. Sina za kurudisha. Lakini kanyagio ninalo. Nimechukua penseli, nikapitia nakala yote ya fidla za kwanza, nikiweka alama: hapa vuta, hapa rudisha, kama wanavyofanya wapigaji wenyewe. Kwenye rudisha mguu wangu unaanza chini zaidi na kupanda hadi mwisho wa noti. Badiliko ni dogo mno, hatua nane au kumi kati ya 128. Nilipomrudia mzee jioni ya pili hakusema kitu. Alianza kutikisa kichwa na wimbo.

Aliniambia jambo jingine pia, kwamba fidla za zamani zilikuwa zikiteleza kutoka noti hadi noti, na vijana wa sasa wanaona aibu kuteleza. Nimesoma kwamba hata Ulaya, enzi za Dvořák, kuteleza kulikuwa kawaida kuliko leo. Nimeweka mitelezo mitatu kwenye chelo, kwa gurudumu la kupinda noti. Moja nimeitoa baadaye, ilizidi.

30 Novemba

Fidla za Largo zinapigwa zikiwa zimebanwa sordini, kile kibano kinachowekwa juu ya daraja la nyuzi. Maktaba yangu haina. Nimekata sauti za juu kwa kichujio, kuanzia kama hezi 2,500, nikadhani nimemaliza, kumbe nimewatia blanketi. Sordini haizimi tu ule ukali wa juu. Sauti yenyewe inakuwa ya puani. Nimeinua kidogo sana katikati, chini ya hezi 1,000, na kupunguza ukataji wa juu nusu. Ni jirani yake, si yenyewe. Hapa nimekubali.

Mwangwi, kwa upande mwingine, umenifurahisha. Sitaki ukumbi wa Ulaya ulionakiliwa. Nataka lile kanisa. Nilimwomba mzee wa kanisa ufunguo, nikaenda alfajiri kabla ya kunguru, nikaweka kinasa sauti pale lilipokuwa benchi la mbele na kupasua mapulizo pale kilipokuwa kinanda. Mlio wa pulizo unabeba sauti zote kwa wakati mmoja, na kile kinachofuata baada yake ni chumba chenyewe: sakafu, kuta, dari ya mbao, bati. Programu inakichukua kile kinachofuata na kukivisha kila noti. Yamepasuka saba, manne yamefaa. Mkia wake ni sekunde mbili kasoro.

Kabla ya kufunga mlango nilirekodi pia dakika tano za kanisa likiwa tupu. Sikujua za nini.

7 Desemba

Nimejua za nini.

Karibu na mwisho, baada ya koranglei kurudi, wimbo unakabidhiwa kikundi kidogo cha nyuzi, wapigaji wachache tu waliobaki kati ya wote. Na hapo unakatika. Katikati ya sentensi, kimya, chenye alama ya kusubiri juu yake. Unaendelea kidogo. Kimya tena.

Kwanza, fidla kumi na sita ukizipunguza sauti hazigeuki kuwa mbili. Zinakuwa kumi na sita zilizo mbali. Nimetafuta sampuli za fidla moja moja, nikapiga kila mmoja kivyake, nikawapishanisha milisekunde chache, na urefu wa sauti kwa senti tano au sita, vipande vidogo sana vya noti, ili wasiwe nakala ya mtu mmoja.

Lakini kimya ndicho kilichonishinda. Noti zikiachiwa na mkia wa mwangwi ukiisha, kompyuta inashuka hadi sifuri, sifuri kabisa. Masikio yanahisi kama hedifoni zimechomoka. Ndipo nikakumbuka zile dakika tano. Nimezilaza chini ya wimbo wote, chini sana, hazisikiki mpaka muziki unyamaze. Sasa muziki ukikatika, kuna mahali ambapo umekatikia.

Nilipokuwa naamua kila kimya kiwe kirefu kiasi gani, kitu kikanijia ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Mwalimu alikuwa akisimama hapo. Kwenye mazishi, katikati ya wimbo, mguu wake ulikuwa unasimama, kanisa zima linasikia nyayo za waliobeba, halafu anaendelea. Miaka yote niliamini alikuwa anawasubiri washuke ngazi za mlangoni. Sasa nina nakala mbele yangu na alama zipo, zimeandikwa. Alikuwa anapiga kilichoandikwa. Au alikuwa anafanya yote mawili, maana jeneza nalo lilikuwa linafika ngazini pale pale.

Nimeviacha virefu kama anavyosimama yeye. Cha pili ni karibu sekunde nne.

14 Desemba

Imebaki sauti moja. Largo inamalizika na besi kubwa peke yake, zimegawanywa nne, kila moja na noti yake, chini kabisa na kwa upole usiozidi. Baada ya fidla zote, pembe zote, anayefunga mlango ni besi.

Nimepiga mara kumi na mbili. Kila mara mwisho unasikika umeamuliwa. Mama alikuwa amekaa kitandani kwangu na vitambaa vya sketi za bluu mapajani, anasubiri cherehani yake kwa uvumilivu ambao si wa kawaida kwake.

"Mwanangu, unaachia kama mtu anayeshuka kwenye daladala."

Nikampisha. Nikamvisha hedifoni, nikabaki na kibodi, yeye miguuni. Nikamweleza: noti ni moja, itaanza, itakaa, itaondoka, na tutafanya mara nne. Hakuuliza zaidi. Alivua ndala.

Nimeangalia namba zake baadaye. Mimi nikiachia, mstari unashuka kama mteremko, sawa hadi sifuri. Wake umekaa kwenye 41, umeshuka taratibu hadi 9, na pale kwenye 9 umekaa karibu sekunde nzima, kisha umeondoka. Mara zote nne amefanya hivyo, si kwa kipimo kile kile, lakini amefanya. Nikamwuliza kwa nini anakaa pale chini kabla ya kuachia. Akasema ndivyo unavyomaliza mshono. Ukiachia tu, sindano inasimama juu ya kitambaa na uzi unakatika.

16 Desemba

Faili limetoka: dakika 12 na sekunde 31. Simfoni hii ilipigwa rasmi mara ya kwanza tarehe kama ya leo, mwaka 1893, Carnegie Hall, New York, nami nilitaka nimalize siku hiyo. Nakala ya fundi redio iko kwenye fleshi, ya mzee wa fidla nitampelekea kwa spika kubwa. Ambayo haijaniridhisha ni sordini, na pembe kwenye kilele bado zinasikika za plastiki. Hizo nitazirudia nikipata sampuli bora.

Asubuhi nimefungua mshipi, kifuniko na mipira, nimerudisha fimbo ya chuma na kuitia mafuta. Mama ameanza sketi ya kwanza saa nne. Nimemwekea wimbo kwenye spika ndogo pembeni ya meza, yeye akishona. Alipitiliza shaba za mwanzo, akapitiliza koranglei, sehemu ya katikati akavuta kitambaa na kukigeuza. Ulipofika ule wimbo wa nyuzi chache, ukakatika, miguu yake ikasimama kwenye kanyagio. Sindano ilikuwa ndani ya kitambaa. Nje ilipita bodaboda. Fidla ziliporudi, akakanyaga.